Marina na Makazi Kando ya Mto: Kwa Nini Hesabu Zote Huanzia kwenye Kimo cha Maji

Michoro ya kuuzia miradi ya makazi yenye marina, yaani bandari ndogo ya kuegeshea boti za watu binafsi, hufanana popote inapochapishwa: maghorofa yenye roshani pana, njia ya miguu iliyopandwa miti, boti nyeupe zilizopangwa kwa mstari, na maji yaliyotulia hatua chache tu chini ya ukingo. Katika michoro hiyo mto una kimo kimoja. Mto wenyewe hupanda na kushuka kwa mvua, kwa kiangazi, na pengine kwa maji kujaa na kupwa kutoka baharini, na karibu kila ugumu wa mradi wa namna hii, kuanzia msingi wa jengo hadi mkataba wa kukodi nafasi ya boti, unatokana na kupanda na kushuka huko. Ndiyo maana mhandisi mzoefu, kabla ya kutazama sura ya majengo, huuliza maji yamewahi kushuka hadi wapi, yamewahi kupanda hadi wapi, na huchukua muda gani kutoka kimo kimoja hadi kingine.

Kimo cha chini huamua kina cha kuchimba ili boti zisikwame. Kimo cha juu huamua sakafu ya nyumba ya kwanza, urefu wa nguzo zinazoshikilia magati, na mahali pa kuweka mitambo ya umeme. Katika nchi nyingi kimo hicho cha juu hupangwa kwa kutumia furiko ambalo lina uwezekano wa asilimia 1 wa kutokea katika mwaka wowote. Watu hupenda kuliita furiko la miaka 100, na jina hilo limewapotosha wanunuzi wengi, kwa sababu linamfanya mtu adhani kwamba likishatokea mwaka huu basi wajukuu ndio watakaoliona tena. Hesabu yenyewe inasema vingine: uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ukikokotolewa kwa miaka 30 ambayo mtu huweza kulipia mkopo wa nyumba, unafika karibu asilimia 26. Hiyo ni zaidi ya mara moja katika nne, na bado hatujagusa mabadiliko ya tabianchi wala ujenzi wa miji huko juu ya mto, ambavyo vyote huweza kulisogeza furiko la namna hiyo kwenye kimo cha juu zaidi ya kile kilichokokotolewa kwa takwimu za zamani.

Jibu la haraka ni kujaza udongo na kuinua eneo lote. Jibu hilo lina kasoro ambayo haionekani ukisimama ndani ya kiwanja. Uwanda wa mafuriko ndiyo nafasi ambayo mto huitumia unapozidiwa, na kila meta ya ujazo ya udongo inayomwagwa pale ni meta ya ujazo ya maji inayolazimika kwenda kwingine, aghalabu ng'ambo ya mto au kwa majirani. Kwa sababu hiyo mamlaka nyingi humtaka mwendelezaji, yaani anayejenga na kuuza mradi, afidie nafasi hiyo kwa kuchimba mahali pengine ujazo ulio sawa na ule alioujaza, na katika kimo kilekile, kwa kuwa shimo lililo chini kabisa huwa limejaa maji kabla furiko halijafika kileleni, na hapo haliwezi kusaidia tena. Hapa marina huwa na faida moja na mtego mmoja. Faida ni kwamba uchimbaji wa bwawa la kuegeshea boti hutoa udongo wa kuinulia nyumba: bwawa la hekta 3 lililochimbwa kwa kina cha meta 5 hutoa meta za ujazo 150,000, zinazotosha kuinua hekta 10 kwa meta moja na nusu. Mtego ni kwamba bwawa hilo tayari limejaa maji siku zote, kwa hiyo sehemu yake iliyo chini ya kimo cha kawaida cha mto haihesabiki hata kidogo kama nafasi ya kupokea furiko. Nimesoma maelezo ya miradi yanayojisifu kwamba bwawa litapunguza mafuriko. Mara nyingi sifa hiyo haina msingi.

Mji wa Hamburg nchini Ujerumani umeonyesha njia nyingine. Mtaa wa HafenCity, wenye hekta 157 kando ya mto Elbe, ulijengwa kwenye eneo la bandari ya zamani lililo nje ya ukuta mkuu wa kuzuia mafuriko, katika mji ambao gharika ya dhoruba ya mwaka 1962 iliua watu zaidi ya 300. Badala ya kuuzungushia mtaa mzima ukuta mpya, wapangaji waliinua majengo na barabara juu ya vilima vya kujengwa hadi meta 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, wakaziacha njia za miguu za ukingoni chini zaidi, zikiwa zimekubaliwa tangu mwanzo kwamba zitafunikwa na maji mara kwa mara. Sehemu zilizo chini ya vilima hutumika kuegeshea magari na hufungwa kwa milango ya chuma dhoruba inapotangazwa. Kinachonivutia katika mpango huo ni kwamba umegawa nafasi kwa kuzingatia ni nani anayeweza kuvumilia maji: benchi na mawe ya njia huoshwa na kuendelea kutumika, chumba cha kulala hakiwezi.

Baada ya kimo linafuata bwawa lenyewe. Kuegesha boti moja kwa moja kwenye mkondo ni rahisi kujenga na ni ghali kutunza, kwa kuwa nguvu ya maji hukua kwa mraba wa kasi yake: mkondo ukienda kasi maradufu, boti na gati husukumwa kwa nguvu mara nne. Bwawa lililochimbwa ndani ya nchi kavu hukwepa nguvu hiyo, lakini utulivu wake ndio unaolizamisha. Maji ya mto hubeba tope laini kwa sababu yanakwenda, na yakiingia mahali tulivu hulitua. Mlangoni pa bwawa, pale mkondo unapopita kando ya maji yaliyosimama, hutokea mzunguko wa maji usiokoma, na katikati ya mzunguko huo tope hutuama hadi kufanya fungu. Mahali ambapo maji hujaa na kupwa hali huwa nzito zaidi, kwa sababu kila maji yanapojaa bwawa hupokea shehena mpya ya tope, na yanapopwa sehemu kubwa ya tope hilo hubaki.

Kwa hiyo upana na mwelekeo wa mlango ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Mlango mwembamba hupunguza tope lakini huwatisha manahodha wasio na uzoefu wakati mkondo ni mkali, mlango mpana hufanya kinyume chake. Kwa kawaida mlango huelekezwa upande wa chini wa mto ili magogo na takataka zinazobebwa na furiko zipite badala ya kuingia. Huko huko Hamburg, mwaka 1990, kulijengwa kwenye mlango wa bandari ya Köhlfleet ukuta uliopinda ndani ya maji unaouongoza mkondo na kuuvunja ule mzunguko wa mlangoni, na tope linaloingia likapungua. Ukuta wa namna hiyo lakini hubuniwa kwa mahali pake. Kuuhamisha kama ulivyo kwenda mto mwingine ni kubahatisha.

Njia ya pili ni kufunga bwawa kwa lango la maji. St Katharine Docks jijini London, bandari iliyofunguliwa mwaka 1828, ikafungwa kwa meli za biashara mwaka 1968 na kugeuzwa kuwa makazi, ofisi na marina kuanzia miaka ya 1970, iko kando ya sehemu ya mto Thames ambako wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa zaidi, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 6. Lango lake huwezesha boti kuelea katika kimo kisichobadilika sana, na hivyo nyumba zikapata mandhari iliyotulia kama ya mchoro. Gharama yake ni kwamba boti huingia na kutoka kwa saa chache tu zinazozunguka kilele cha maji kujaa, na lango lenyewe linahitaji wahudumu, matengenezo na umeme kwa miaka yote. Bwawa lililofungwa pia huweza kuchacha. Maji yasiyobadilishwa hupungukiwa hewa ya oksijeni, mwani huota, na kona za mwisho za mifereji, ambako nyumba za bei ya juu kabisa hupenda kuwekwa, ndizo zinazonuka kwanza wakati wa joto. Mbunifu makini huepuka kona zenye pembe kali na mifereji mirefu isiyo na upande wa pili, huufanya mlango kuwa na kina kikubwa kuliko sehemu za ndani ili maji mazito yasinaswe chini, na wakati mwingine huweka bomba la kupitisha maji ya mto hadi mwisho wa bwawa.

Juu ya maji hayo hukaa magati yanayoelea, yenye pete zinazopanda na kushuka kwenye nguzo zilizopigiliwa chini ya mto. Urefu wa nguzo hizo juu ya maji ni kitu kidogo kwenye bajeti, na ndicho kinachoamua kama marina itabaki mahali pake. Gati likipanda hadi juu ya ncha ya nguzo, hakuna tena kinacholishika. Januari 2011, mto Brisbane nchini Australia ulipofika meta 4.46 kwenye kipimo cha katikati ya jiji, njia ya miguu iliyokuwa ikielea kandokando ya mto tangu mwaka 2003 iling'oka, na kipande chake kimoja chenye uzito wa takriban tani 300 kikaenda na mkondo kuelekea madaraja na vyombo vilivyokuwa upande wa chini wa mto, hadi nahodha wa boti ndogo ya kuvuta meli alipofanikiwa kukiongoza kisigonge. Magati mengi na boti nyingi zilipotea katika furiko hilo hilo. Njia hiyo ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014, iliwekwa juu ya nguzo za kudumu na haielei tena. Kwenye magati ya boti suluhisho hilo haliwezekani, kwa kuwa boti lazima ipande na maji, kwa hiyo kinachobaki ni nguzo ndefu kuliko macho yanavyopenda na sheria inayozilazimisha boti kuondoka furiko linapotangazwa. Wasanifu huzilalamikia nguzo hizo kwamba zinaharibu mandhari. Malalamiko hayo yasisikilizwe.

Kuna pia daraja dogo la kushukia kutoka nchi kavu hadi gati. Maji yakishuka meta 4, daraja lenye mteremko wa moja kwa nne linahitaji urefu wa meta 16, na kwa mtu mwenye kiti cha magurudumu, anayehitaji mteremko wa moja kwa kumi na mbili, urefu huo unafika meta 48. Mara nyingi jambo hili hugunduliwa mpango wa nyumba ukiwa umeshapitishwa na nafasi ya ukingoni imeshaisha.

Ardhi ya kando ya mto nayo ina mambo yake. Ni mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi vilivyowekwa na mto wenyewe, tabaka juu ya tabaka, na mara nyingi tabaka moja ni laini mno kubeba hata uzito wa udongo wa kujazia. Ukiimwagia meta moja na nusu ya udongo, itaendelea kudidimia kwa miaka, polepole na kwa viwango visivyolingana, na mabomba ya maji taka yatapoteza mteremko wake kabla jengo lililosimama juu ya nguzo ndefu za msingi halijasogea hata kidogo. Ndiyo maana eneo hulundikiwa kwanza udongo wa ziada na kuachwa kwa miezi, huku mikanda ya kunyonya maji ikiwa imechomekwa ardhini ili maji yatoke haraka, na baadaye udongo wa ziada huondolewa. Mwendelezaji mwenye haraka huona miezi hiyo kama hasara.

Mchanga uliolegea na kujaa maji una hatari ya pekee mahali penye matetemeko. Tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la Niigata nchini Japani lilifanya mchanga wa kingo za mto Shinano upoteze nguvu na kuwa kama uji, na majengo ya makazi ya ghorofa nne katika mtaa wa Kawagishi-cho yakainama, mojawapo likalala karibu kabisa na ardhi. Kuta zake hazikuwa zimevunjika. Majengo yalikuwa imara, ardhi chini yake ndiyo iliyokuwa imekoma kuwa ardhi, na tangu hapo uchunguzi wa mchanga wa kingo za mito ukawa tawi zima la uhandisi.

Maji ya ardhini hufanya kazi pia pale pasipo na tetemeko lolote. Chukua maegesho ya magari ya chini ya jengo, ambayo sakafu yake iko meta 4 chini ya usawa wa maji. Maji huisukuma sakafu hiyo kwenda juu kwa nguvu ya tani 4 kwa kila meta ya mraba, na kwa kuwa zege lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa meta ya ujazo, sakafu ingehitaji unene unaozidi meta moja na nusu ili kuzuia nguvu hiyo kwa uzito wake pekee. Jengo likikamilika, ghorofa za juu husaidia kulikandamiza. Hatari kubwa iko katikati ya ujenzi, sakafu na kuta za chini zikiwa tayari na ghorofa za juu bado hazijapandishwa: pampu zikizimika usiku mmoja, sehemu hiyo yote huweza kuelea kama sanduku tupu na kupasuka inapotua. Mkandarasi anayejua kazi yake huandaa pampu za akiba, na mambo yakiharibika huruhusu maji yaingie ndani kwa makusudi, kwa kuwa kukausha sakafu ni nafuu kuliko kuivunja.

Ukuta wa gati, uwe wa zege au wa mabamba ya chuma yaliyopigiliwa, huelemewa zaidi furiko linapopungua kuliko linapopanda. Wakati wa kilele maji ya mto huuegemea ukuta kwa mbele na kuusaidia. Mto ukishuka meta 3 kwa usiku mmoja, udongo ulio nyuma ya ukuta bado umejaa maji yasiyopata pa kutokea, na uzito wote huo husukuma kuelekea mtoni wakati ambapo hakuna tena kinachoshindana nao. Matundu ya kutolea maji, yenye kichujio cha kokoto ili udongo usitoke pamoja na maji, ndiyo yanayouokoa, na ndiyo ya kwanza kuzibwa na matope yakisahauliwa.

Jambo moja linalopuuzwa hata na wajenzi wazuri ni umeme wa magatini. Kila nafasi ya boti hupewa mahali pa kuchomeka umeme, na hitilafu ndogo kwenye boti moja huweza kuuvujisha umeme ndani ya maji. Baharini maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme humpita mtu kando. Katika maji ya mto yasiyo na chumvi ni kinyume: mwili ndio unaopitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji, na mkondo mdogo wa umeme wa makumi machache ya miliampea unatosha kukaza misuli ya mwogeleaji hadi azame bila kelele na bila alama yoyote mwilini. Vifaa vya kukata umeme unapovuja ni lazima kwenye kila nafasi, na kuogelea ndani ya bwawa kupigwe marufuku hata kama maji yanang'aa. Michoro ile ya kuuzia nyumba inayoonyesha watoto wakiruka kutoka gatini haikupaswa kuchapishwa.

Kuhusu mpangilio wa kazi, bwawa huchimbwa likiwa kavu, likiwa limetenganishwa na mto kwa ukuta wa udongo ulioachwa makusudi. Kuta, nguzo na mabomba hukamilishwa ndani ya ukavu huo, kisha maji huingizwa polepole na ukuta wa udongo huondolewa mwishoni. Mpango huu ni nafuu na safi kuliko kuchimba majini, lakini unamaanisha kwamba kazi za gharama kubwa huja kabla nyumba hata moja haijauzwa. Mahali palipokuwa na viwanda au viwanja vya kutengenezea meli, tope lililochimbwa hupimwa kwanza, kwa sababu huweza kuwa na metali nzito, mafuta, na mabaki ya rangi zenye bati zilizokuwa zikipakwa chini ya meli hadi mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, ulipozipiga marufuku. Tope la namna hiyo haliwezi kuwa udongo wa kuinulia nyumba, na kulipeleka kwenye dampo maalumu kunaweza kuvuruga ile hesabu nzuri ya hekta 3 kwa hekta 10.

Sehemu iliyobaki ni ya wanasheria, na hapo ndipo matatizo hudumu muda mrefu zaidi. Katika nchi nyingi sakafu ya mto ni mali ya umma, kwa hiyo nyumba huweza kuwa na hatimiliki ya kudumu huku nafasi ya boti iliyo mbele yake ikiwa ni haki ya kupanga kwa miaka fulani tu. Mnunuzi aliyelipia vyote viwili kwa bei moja hugundua baadaye kwamba kimoja kina tarehe ya kwisha. Waliokuwepo kabla, yaani wavuvi, wenye mitumbwi na watu waliozoea kupita ukingoni, nao huwa na haki ambazo mara nyingi hazijaandikwa popote lakini zinatambuliwa mahakamani, na njia ya umma ya ukingoni ni rahisi zaidi kuipanga mwanzoni kuliko kuibomolea ukuta baadaye.

Kisha kuna tope. Tuseme bwawa la hekta 3 linajaa sentimeta 30 kwa mwaka: hizo ni meta za ujazo 9,000 zinazopaswa kuchimbuliwa, kusafirishwa na kupatiwa kibali cha kumwagwa kila mwaka, bila mwisho. Mwendelezaji huondoka baada ya kuuza nyumba ya mwisho. Gharama hubaki, na kinachoamua ni nani anayeibeba ni sentensi mbili au tatu ndani ya mkataba: kama wenye nyumba wasio na boti nao wanachangia, kama chama cha wakazi ndicho kinachomiliki kuta au zimebaki kwa kampuni inayoweza kufilisika, na kama mfuko wa uchimbuaji ulianza kuwekewa fedha siku ya kwanza au utaanza boti ya kwanza itakapokwama. Wasio na boti hudai kwamba marina haiwahusu. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini nyumba yao ilipata bei yake kwa sababu ya maji yaliyo mbele yake, na bwawa lililojaa tope halina mandhari ya kuuza.

Kwa sababu hiyo, hati muhimu kuliko zote wakati wa makabidhiano ni ramani ya vipimo vya kina cha bwawa, iliyopimwa siku mwendelezaji anapoondoka, kwenye mistari iliyowekewa alama za kudumu ukingoni. Vipimo hivyo vikirudiwa mwaka unaofuata kwenye mistari ileile, tofauti kati ya ramani mbili ndiyo kasi halisi ya tope, na mchango wa mfuko huweza kupangwa kwa kasi hiyo badala ya makadirio yaliyoandikwa kabla mto haujaingia.